Jina Mlangoni pa Nyumba: Mawe ya Ukumbusho ya Ujerumani na Wafu wa Kanyaruchinya

Kanyaruchinya ni eneo la viunga vya kaskazini vya Goma, lililojengwa juu ya mawe meusi ya volkano kandokando ya barabara ya taifa namba 2 iendayo Rutshuru, na ingawa watu wengi huliona kuwa sehemu ya mji, kiutawala limo katika teritori ya Nyiragongo, ndani ya sheferi ya Bukumu, yaani eneo la utawala wa kimila lililo chini ya mwami. Kwa zaidi ya miaka thelathini barabara hiyo imepitisha mawimbi makubwa ya watu waliokimbia vita, na eneo hili limekuwa kituo chao cha kupumzikia, cha kutandika maturubai na, kwa wengi, cha kuzikiana. Historia yake haiwezi kuandikwa bila kuwataja wafu. Hata hivyo, wafu hao wanajulikana kwa hesabu kuliko kwa majina, na hesabu zenyewe hutofautiana kila zinapotolewa. Namna jamii inavyoweza kuyapata majina ya watu walioangamia kwa wingi, na mahali ambapo majina hayo yanastahili kuwekwa, ni jambo linaloeleweka vizuri zaidi likitazamwa sambamba na desturi moja iliyozaliwa Ujerumani kwa ajili ya kuwakumbuka Wayahudi na watu wengine walioteswa na utawala wa Wanazi, ambayo imemfikia pia mzaliwa mmoja wa Dar es Salaam.

Desturi hiyo ni ya vijiwe vinavyopachikwa katika njia za waendao kwa miguu, ambavyo Wajerumani huviita Stolpersteine, yaani mawe ya kujikwaa. Kila kijiwe ni mchemraba wa zege wenye upana wa sentimita 10 hivi, uliovikwa juu bamba la shaba ya njano, na maneno yaliyomo hugongwa kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine, yakitaja kwamba hapo aliishi fulani, aliyezaliwa mwaka fulani, akakamatwa au kusafirishwa kwa nguvu siku fulani, na jinsi maisha yake yalivyokwisha. Aliyeianzisha ni msanii Gunter Demnig, aliyezaliwa Berlin mwaka 1947, ambaye mwaka 1990 alichora katika barabara za Köln mstari wa rangi kufuata njia waliyopitishwa Waroma na Wasinti, jamii ambazo Wanazi waliziangamiza sambamba na Wayahudi, walipoondolewa mjini humo mwaka 1940. Tarehe 16 Desemba 1992, miaka 50 kamili baada ya Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, kutoa amri ya kuwapeleka watu wa jamii hizo katika kambi ya maangamizi ya Auschwitz, Demnig alipachika kijiwe cha kwanza mbele ya jumba la baraza la mji wa Köln, nacho hakikuwa na jina la mtu bali maneno ya mwanzo ya amri yenyewe. Vijiwe vya majina vilifuata katikati ya miaka ya 1990 huko Köln na katika mtaa wa Kreuzberg mjini Berlin, vikiwekwa bila kibali cha wenye mamlaka, ambao walivikubali baadaye. Mwezi Mei 2023, katika mji wa Nürnberg, kiliwekwa kijiwe cha 100,000, na kufikia wakati huo kazi hiyo ilikuwa imeenea katika nchi zaidi ya 25 za Ulaya.

Kanuni inayoipa desturi hii nguvu yake si udogo wa jiwe wala wingi wake, bali mahali linapowekwa. Jiwe haliwekwi kaburini, kwa kuwa wengi wa waliouawa hawana makaburi. Haliwekwi kambini walikofia. Wala haliwekwi katika majengo ambamo Wayahudi walilazimishwa kurundikana kabla ya kusafirishwa, ambayo yalikuwa anwani zao za mwisho kwa mujibu wa karatasi za serikali. Linawekwa mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu huyo aliichagua kwa hiari yake. Uamuzi huo unamwondoa marehemu katika jiografia ya watesi wake na kumrudisha katika yake mwenyewe: mtaa aliokuwa na majirani, duka alilonunua mkate, mlango aliotoka asubuhi akielekea kazini au shuleni. Mpita njia naye hawezi kudai kwamba maovu yale yalitendeka mbali, nyuma ya nyaya za miba katika nchi ya Poland, kwa kuwa yalianzia pale pale aliposimama, mbele ya macho ya wakazi wa mtaa.

Si wote waliolikubali jambo hili. Charlotte Knobloch, kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa München aliyeokoka utotoni kwa kufichwa shambani, alipinga kwa miaka mingi kuona majina ya waliouawa yakikanyagwa na viatu na kuchafuliwa na matope, na baraza la mji huo lilikataa vijiwe katika ardhi ya umma mwaka 2004, likasisitiza uamuzi huo mwaka 2015, kisha kuanzia mwaka 2018 likaweka badala yake mabamba ukutani na nguzo zenye majina. Pingamizi lake lina uzito, na msomaji wa Afrika Mashariki, aliyelelewa kuona kwamba jina la marehemu hutamkwa kwa adabu na kaburi halirukwi, atalielewa bila kufafanuliwa. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba hata München hawakugombana kuhusu anwani: pande zote mbili zilikubali kwamba jina lina haki ya kusimama penye nyumba.

Kazi hii yote isingewezekana bila karatasi. Utawala wa Wanazi uliwahesabu Wayahudi kwa kadi maalumu katika sensa ya tarehe 17 Mei 1939, ukaandika orodha za kila treni iliyowasafirisha, na kuwalazimisha walioitwa kuondoka kujaza fomu za kuorodhesha mali zao zote, kuanzia vitanda hadi vijiko, ili serikali ijue cha kutaifisha. Nyaraka hizo zilizotungwa kwa ajili ya kuwaangamiza ndizo ambazo leo wanafunzi, wazee wa mtaa na jamaa wa marehemu huzifungua ili kupata jina, tarehe na namba ya nyumba. Palipokosekana orodha, kama vile katika vijiji vya Ukraine na Belarus ambako familia nzima zilipigwa risasi karibu na makwao, ilibidi njia iwe nyingine. Taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1953, ilieneza karatasi za ushuhuda ambazo ndugu, jirani au rafiki aliyebaki hai hujaza kwa kila mtu mmoja aliyemfahamu, na kwa kuziunganisha na nyaraka nyingine imekusanya majina zaidi ya milioni 4.5 kati ya Wayahudi wapatao milioni sita waliouawa.

Sehemu ya ushuhuda wa namna hiyo ilihifadhiwa katika Kongo yenyewe. Tangu mwanzo wa karne ya 20, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, kilichotawaliwa na Waturuki na baadaye na Waitalia, walihamia Katanga kutafuta maisha, wakafungua maduka Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, na kujenga sinagogi ambalo rabi wao, Moïse Levy, alilihudumia kuanzia mwaka 1937 kwa zaidi ya nusu karne. Tarehe 23 Julai 1944 wanajeshi wa Ujerumani waliwaondoa Wayahudi waliosalia kisiwani Rhodes, wapatao 1,700, wakawapeleka Auschwitz, na waliorudi hai walikuwa 150 hivi tu. Ndugu zao waliokuwa wakiuza vitambaa katika mji unaozungumza Kiswahili wakageuka kwa siku moja kuwa watunzaji wa majina ya mitaa ambayo haikuwa tena na watu wa kuikalia.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, hata hivyo, jiwe lililo karibu nao zaidi liko Berlin, katika barabara ya Brunnenstraße, mbele ya jengo namba 193. Linamkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen, ambaye alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudan katika jeshi la ukoloni wa Kijerumani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza alikuwa na miaka kumi, akachukuliwa pamoja na baba yake na kutumikia kama mtoto wa kupeleka ishara za kijeshi. Mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, kusini mwa Tanganyika, kisha akawa mateka wa Waingereza. Baada ya kufanya kazi melini alifika Berlin mwaka 1929 kudai mishahara ambayo yeye na marehemu baba yake hawakulipwa, na Wizara ya Mambo ya Nje ikamkatalia. Akabaki mjini humo akifanya kazi ya uhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe, akiwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kuzungumza Kiswahili kwa ujira mdogo, na akiigiza sehemu za watumishi na askari katika filamu zaidi ya ishirini, ambapo ya mwisho ilikuwa ile ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, mtu ambaye Waafrika wa Tanganyika walimjua kwa ukatili wake.

Mahjub alimwoa Mjerumani, Maria Schwandner, mwezi Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka. Mwezi Agosti 1941 alikamatwa kwa tuhuma ya kuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani, jambo ambalo itikadi ya Wanazi ililiita uchafuzi wa ukoo, akapelekwa bila kufikishwa mahakamani katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2007, mwaka uleule mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst alipochapisha kitabu cha maisha yake. Kilichomrudishia jina ni mafaili: barua zake za kudai mshahara, maombi yake ya nishani ya wapiganaji, na majibu ya maofisa waliomkataa. Ofisi iliyomnyima haki yake ilihifadhi kila karatasi aliyoiandikia, na karatasi hizo zikaishi kuliko ofisi.

Vita iliyomfanya Mahjub kuwa askari mtoto ilipita pia karibu sana na Kanyaruchinya. Mbele kidogo katika barabara hiyo hiyo ya Rutshuru iko Kibati, ambako jeshi la ukoloni la Wabelgiji, lililoitwa Force Publique, liliweka makao yake chini ya Jenerali Charles Tombeur lilipojiandaa kulivamia koloni la Wajerumani. Kutoka eneo hilo la kaskazini ya Ziwa Kivu vikosi vyake viliondoka mwezi Aprili 1916, vikaiteka Kigali mwezi Mei na, vikiungana na vingine, Tabora tarehe 19 Septemba. Jeshi hilo lilitembea kwa miguu ya wapagazi, makumi ya maelfu ya wanaume waliokamatwa vijijini kubeba risasi, unga na viti vya maofisa kupita milimani, na wengi wao walikufa kwa njaa, kuhara na baridi. Majenerali walibaki na majina yao katika barabara za Ubelgiji, ilhali wapagazi hawakupata jiwe lolote, si penye kaburi wala penye nyumba.

Waingereza hawakufanya vizuri zaidi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, na wenzake wa Nairobi na Mombasa, ina maneno ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili ya kuwasifu askari na wapagazi kwa jumla, lakini haina jina hata moja, kwa sababu tume iliyosimamia makaburi ya vita ya dola ya Uingereza iliona kwamba Mwafrika hahitaji kukumbukwa mmoja mmoja. Mwaka 2021 tume hiyo ilikiri na kuomba radhi, ikieleza kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Maofisa walijua kuandika. Walichagua ni nani wa kumwandika.

Uzito wa historia hiyo ulirudi barabarani Kanyaruchinya mwezi Julai 1994. Katika siku chache, Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kuingia Goma, na wengi wakasukumwa kwa miguu kupitia Kanyaruchinya kuelekea kambi ya Kibumba, mahali pasipo na mto wala kisima, ambako maji yalipelekwa kwa malori. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ardhi ya lava haichimbiki kwa jembe, hivyo maiti zilizofungwa kwa mikeka zilipangwa kando ya barabara hadi wanajeshi wa Ufaransa walipoleta mashine za kuchimba mashimo ya pamoja, na waliotumbukizwa humo hawakuandikwa popote. Ugumu wa kuwakumbuka hautokani na mawe peke yake, kwa kuwa katika umati ule walikuwamo wanajeshi na wanamgambo waliotoka kuwaua Watutsi katika mauaji ya kimbari ya mwaka huo, na walikuwamo pia watoto wachanga na bibi vizee ambao hawakumgusa mtu. Hesabu huwachanganya wote hao katika tarakimu moja, na hapo ndipo thamani ya jina inapoonekana waziwazi, kwa maana ni jina pekee liwezalo kumtenga mtoto wa siku tatu na muuaji aliyelala naye katika shimo moja.

Baada ya hapo mawimbi yalifuatana. Kati ya Julai na Novemba 2012 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa ndani, yaani watu waliohama makwao bila kuvuka mpaka wa nchi, walipiga kambi Kanyaruchinya wakiwakimbia waasi wa M23, na tarehe 18 Novemba kambi nzima ilihama tena kwa siku moja, siku mbili kabla waasi hao hawajaingia Goma. Mwaka uliofuata mapigano yalirudi katika vilima vya Mutaho na Kibati. Volkano nayo haikungoja zamu yake: tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliteremka kupitia vijiji vya teritori hiyo hadi Buhene, kwenye ukingo wa mji, ikiua watu zaidi ya 30 na kufukia maelfu ya nyumba, njia na mipaka ya viwanja. Ilipofika Oktoba 2022, M23 walipoiteka Kiwanja na Rutshuru, safu mpya ya watu wenye magodoro kichwani iliteremka barabarani, na kwa zaidi ya miaka miwili Kanyaruchinya ikawa mojawapo ya kambi kubwa kuliko zote zilizoizunguka Goma. Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliangukia mikononi mwa M23, na mwezi Februari wakimbizi waliamriwa kuondoka. Maturubai yakakunjwa, vibanda vikavunjwa, na waliozikwa wakati wa kambi wakabaki bila jamaa wa karibu wa kuonyesha kaburi la nani ni lipi.

Katika miaka hiyo yote taarifa zilizotolewa zilikuwa za hesabu. Baada ya mauaji ya mwishoni mwa Novemba 2022 katika vijiji vya Kishishe na Bambo huko Rutshuru, Umoja wa Mataifa ulitaja kwanza watu wasiopungua 131, baadaye 171, huku serikali ya Kinshasa ikitaja idadi kubwa zaidi, na mjadala ukahamia kwenye tofauti za tarakimu, kana kwamba waliouawa walikuwa mizigo ya ghala. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliyochunguza makosa ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003 iliorodhesha matukio 617 yenye mahali na tarehe, kazi kubwa inayostahili heshima, lakini iliyopangwa kwa matukio na si kwa watu. Sheria ya Kongo ya tarehe 26 Desemba 2022 kuhusu ulinzi na fidia kwa waathirika iliifanya tarehe 2 Agosti, siku vita ya pili ya Kongo ilipoanza mwaka 1998, kuwa siku ya taifa ya kuwakumbuka, ambayo Wakongo wengi huiita Genocost, yaani mauaji ya kimbari kwa ajili ya faida ya kiuchumi. Siku ya taifa ni jambo jema, ila huwakumbuka wafu wote kwa pamoja, na kumbukumbu ya namna hiyo haina mlango wa kubisha.

Ikiwa kanuni ya vijiwe vya Ujerumani itachukuliwa kwa uzito, matokeo yake kwa Kanyaruchinya ni ya kushangaza kidogo: majina ya wengi waliofia hapo hayastahili kuwekwa hapo. Kambi haikuwa nyumba waliyoichagua, kama vile jengo la kulazimishwa halikuwa nyumba ya Myahudi wa Berlin. Mahali pao ni Kiwanja, Rugari, Tongo, Jomba, Bunagana na vijiji vingine vya Rutshuru, penye uwanja wa nyumba, shamba la maharagwe na mgomba uliopandwa na mikono yao. Mnara mkubwa ukijengwa siku moja juu ya lava ya Kanyaruchinya, utaeleza walikofia, na kazi ya kueleza walikoishi itabaki haijafanywa.

Anwani za vijijini hazina namba, lakini zipo, kwa kuwa nyumba hutambulika kwa kilima, kwa jina la shefu wa kijiji, kwa kanisa lililo jirani na kwa jina la mwenye boma. Vitabu vya ubatizo vya parokia vina majina ya watoto na wazazi wao pamoja na kijiji chao. Shule zina rejista za wanafunzi. Na kila kambi ya wakimbizi wa ndani iliendeshwa kwa orodha, kwani bila kuandikishwa hakuna aliyepewa unga, mafuta wala turubai. Katika karatasi hizo mkuu wa kila familia aliulizwa jina lake, idadi ya watu wake na mahali alikotoka. Ziliandikwa ili kugawa chakula, na pale zilipotunzwa zina mambo mawili ambayo fundi wa jiwe huyahitaji kabla ya yote, yaani jina la mtu na kijiji chake. Jambo la tatu, habari ya nani alikufa na lini, wanalo wenyeviti wa mistari ya vibanda, wakunga, wachimba makaburi na wachungaji walioendesha maziko, ambao tangu Februari 2025 wametawanyika, wengine wakirudi Rutshuru kukuta nyumba bila paa, wengine wakipanga chumba katika mitaa ya Goma, kila mmoja akiwa na sehemu yake ya orodha kichwani.